Sukari Iliyo Kwenye Sindano ya Shangazi

Shangazi aliurudisha mkono wake ndani ya leso.

Tulikuwa sebuleni kwake Pangani, Nairobi, siku isiyo ya kliniki. Sindano yake ya kuongeza damu ilikuwa imetolewa kwenye friji ipoteze ubaridi kabla ya kudungwa, nami nilikuwa nikimsomea kile kikaratasi chembamba kinachokunjwakunjwa ndani ya paketi, kwa kuwa herufi zake ni ndogo mno kwa macho yake. Nikafika pale panaposema kwamba dawa yenyewe ni glikoproteini, na kwamba hutengenezwa na seli za mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye hamsta wa China. Nikamfafanulia: glikoproteini ni proteini iliyoshikana na minyororo ya sukari.

"Sukari?" akasema. "Mwanangu, sukari ndiyo iliyonila figo. Sasa wanidunga nyingine?"

Nilimfanyia hesabu. Sindano yake ya yuniti 4,000 ina dawa yenye uzito wa takriban maikrogramu 34. Hata tukiihesabu yote kuwa sukari, kijiko kimoja cha sukari ya chai, gramu nne hivi, kinaizidi zaidi ya mara laki moja. Akaridhika, akautoa mkono.

Sindano ilipokwisha kutoka, akauliza tena: "Na insulini yangu, nayo ina hiyo minyororo?"

Haina.

"Basi mbona hii inayo?"

Nilikuwa nimemjibu sukari ni kiasi gani. Hili la pili lilikuwa swali la kwa nini ipo, na kwa wiki nyingi lilinifuata kwenye matatu, kazini, hata kitandani.

## Homoni mbili

Zote mbili ni homoni. Zote mbili ni proteini, ndiyo maana hudungwa: ukizimeza, tumbo litazimeng'enya kama nyama. Insulini ina asidi amino 51, vile vipande vinavyoungwa kuwa proteini. Eritropoietini, hii ya kuongeza damu, ina 165. Kwa kawaida figo ndizo huitengeneza kwa wingi na kuituma kwenye uboho wa mifupa ili chembe nyekundu zizaliwe. Figo zikifa, damu nayo hupungua, na kila anayesindikiza mgonjwa wa figo anaujua ule uchovu wa kupanda ngazi tatu ukatafuta kiti.

Insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Jeni ya binadamu iliingizwa kwenye bakteria E. coli, na bakteria wakaanza kuifuata. Baadaye hata hamira ikatumiwa. Bakteria hukua haraka, hula vitu rahisi, na hawana makuu.

Basi kwa nini eritropoietini isitengenezwe vivyo hivyo? Bakteria wakipewa jeni yake wanaweza kuisoma, na kuunga asidi amino zile 165 kwa mpangilio ule ule. Hakuna herufi itakayokosekana.

Kwa muda mrefu nimeamini kwamba ukiwa na jeni una kila kitu. Ndivyo tulivyofundishwa: jeni ni maagizo, proteini ni matokeo. Hapa palikuwa na proteini yenye maagizo yote kamili, na bado watu wa dawa wakachagua kufuga seli za mnyama ndani ya matangi. Seli hizo ni ghali, ni dhaifu, na zinataka kulishwa kwa uangalifu kama mtoto njiti.

## Lita 2,550 za mkojo

Ilinibidi nirudi nyuma. Eugene Goldwasser, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kuisaka homoni hii mwaka 1955. Ipo kidogo sana mwilini, kiasi kwamba aliitafuta kwa zaidi ya miaka 20. Aliyemwokoa ni Takaji Miyake wa Kumamoto, Japani, aliyekusanya lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Figo za wagonjwa hao, zikiona damu haiji, humwaga eritropoietini bila kukoma, na nyingine hutoka kwa mkojo. Mwaka 1977 wakachapisha matokeo: homoni safi, miligramu nane hivi.

Miligramu nane ni sindano zaidi kidogo ya 200 za shangazi. Kwa maisha yote ya utafiti wa mtu mmoja.

Kutokana na homoni hiyo, jeni ilipatikana mwaka 1983 mikononi mwa Fu-Kuen Lin wa kampuni ya Amgen, na mwaka 1989 dawa ikaidhinishwa Marekani. Lakini jambo lililonisimamisha lilikuwa limetokea kabla ya yote hayo, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Watafiti, Goldwasser akiwa mmoja wao, waliichukua eritropoietini na kuikata sukari za mwishoni kabisa mwa minyororo yake, zile zinazoitwa asidi sialiki. Kisha wakaijaribu.

Kwenye sahani ya maabara, juu ya seli za uboho, ilifanya kazi.

Ndani ya mnyama aliye hai, haikufanya chochote.

Niliisoma sehemu hiyo nikaiacha, nikairudia usiku. Kama sukari ingekuwa mkono unaoshika kazi, dawa iliyokatwa ingeshindwa pote pawili. Kama ingekuwa pambo tu, ingefaulu pote pawili. Kufaulu kwenye sahani na kushindwa mwilini kulimaanisha jambo la tatu, na sikulijua.

## Dakika chache tu

Jibu lilitoka kwa watu waliokuwa wakihangaika na proteini nyingine kabisa. Gilbert Ashwell na Anatol Morell, katika miaka ya 1960, walikuwa wakichunguza proteini ya damu inayobeba shaba. Nao waliikata asidi sialiki, wakawadunga sungura. Proteini isiyoguswa hukaa kwenye damu ya sungura kwa siku kadhaa. Ile iliyokatwa ilitoweka kwa dakika.

Walipoitafuta waliikuta kwenye ini.

Asidi sialiki ikiondoka, sukari iliyo chini yake, galaktosi, hubaki wazi. Seli za ini zina vipokezi vinavyoitambua galaktosi iliyo wazi, huikamata proteini nzima, huivuta ndani na kuivunja. Eritropoietini iliyokatwa ilikuwa na uwezo wake wote wa kuamsha uboho. Haikupewa muda wa kufika.

Hapo ndipo nilipoanza kumjibu shangazi kichwani mwangu. Insulini haina haja ya kukaa. Mwili huitoa mlo unapoingia, nayo hufanya kazi yake na kuondoka kwa dakika. Eritropoietini inatakiwa izunguke kwa saa nyingi, ikiwaita watoto wa chembe nyekundu mmoja mmoja wasife kabla ya kukomaa. Sukari ndiyo inayoiweka hai njiani.

Na kampuni iliyoitengeneza ililielewa hili vizuri mno. Eritropoietini ya asili ina minyororo minne ya sukari. Walibadilisha asidi amino chache ili pawe na nafasi mbili zaidi za kushikia minyororo, na dawa mpya, darbepoetini, ikaidhinishwa mwaka 2001. Hukaa kwenye damu karibu mara tatu zaidi. Mgonjwa aliyekuwa akidungwa mara tatu kwa wiki anaweza kudungwa mara moja kwa wiki, au hata mara moja kwa wiki mbili. Siri yote ni sukari zaidi.

Lifikirie hilo kwa macho ya mtu anayelipa nauli ya kutoka Kasarani au Kitengela kila anapodungwa.

## Golgi ya darasani

Wengi wetu tuliosoma biolojia ya sekondari tuliichora ile Golgi, sehemu ya ndani ya seli, mistari iliyopindana, na pembeni tukaandika kazi yake: kufungasha na kusafirisha glikoproteini. Alama tukapewa. Lakini hakuna aliyetuuliza sukari inafika vipi pale, na hapo ndipo penye uhondo wote.

Proteini ikiwa bado inatungwa, uzi wake husukumwa kuingia kwenye retikulamu endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli. Humo mnyororo wa sukari uliokwisha kuandaliwa, sukari 14, unausubiri uzi huo, ukiwa umeshikiliwa na mafuta marefu ya kwenye utando yaitwayo dolikoli. Sukari mbili ni N-asetiliglukosamini, tisa ni manosi, tatu ni glukosi. Uzi unapopita, kimeng'enya kimoja huutazama. Kikikuta asidi amino iitwayo asparajini, ikafuatwa na nyingine yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini, huuhamisha mnyororo wote kwa mkupuo mmoja na kuupachika hapo.

Kisha seli huanza kuubomoa.

Hili lilinitatiza sana. Kwa nini mtu ajenge kitu cha vipande 14, akipachike, halafu aanze kukipunguza papo hapo? Glukosi mbili hukatwa mapema. Inapobaki moja, proteini hushikwa na wasaidizi wawili, kalneksini na kalretikulini, wanaoipa nafasi ya kujikunja bila kugongana na nyingine. Glukosi ya mwisho ikikatwa, proteini huachiliwa. Hapo kuna kimeng'enya kinachoipima. Ikiwa imejikunja sawasawa, huiacha iende zake. Ikiwa bado imelegea, huirudishia glukosi moja, na wale wasaidizi huishika tena. Inaweza kuzunguka hivyo mara nyingi.

Lakini si milele. Pole pole manosi nazo hukatwa, na proteini iliyokaa muda mrefu bila kunyooka hupoteza nyingi. Hiyo ndiyo dalili kwamba imeshindikana. Hutolewa nje ya retikulamu na kusagwa.

Kwa hiyo ule ubomoaji ni saa. Seli haina macho ya kuitazama proteini na kusema hii ni nzima, ile ni mbovu. Inasoma sukari iliyobaki. Tangu nijue hivyo siwezi tena kuisikia ile sentensi ya "kufungasha na kusafirisha" bila kuona ni kiasi gani kimeachwa nje.

Zilizopita mtihani huo hupanda vifuko vidogo vya utando kwenda Golgi. Camillo Golgi mwenyewe aliiona mwaka 1898 huko Pavia, Italia, kwenye seli za ubongo wa bundi, na kwa miongo kadhaa wanasayansi wengi walimbishia kwamba ni uchafu wa rangi aliyotumia. Ilichukua hadubini ya elektroni, katika miaka ya 1950, kuumaliza ubishi. Humo ndani manosi zaidi huondolewa, N-asetiliglukosamini mpya huongezwa, juu yake galaktosi, na mwisho kabisa asidi sialiki, ile ile inayolizuia ini.

Bakteria E. coli hana retikulamu. Hana Golgi. Hamira inavyo vyote viwili, lakini minyororo yake hujaa manosi tupu, na mwili wetu huishuku. Seli za hamsta, ambazo Theodore Puck alizitoa kwenye ovari ya mnyama mmoja mwaka 1957 na zikaendelea kugawanyika hadi leo, huweka sukari zinazokaribia sana zetu.

Ndiyo maana ya hamsta, shangazi.

## Watoto waliokosa lebo

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza. Sukari ni ulinzi, na ni saa. Kisha nikakutana na ugonjwa wa nadra sana wa watoto ambao seli zao, zikitazamwa kwa hadubini, zimejaa mabaki yasiyosagwa. Kila seli ina lisosomu, vyumba ambamo takataka huvunjwa kwa vimeng'enya. Kwa watoto hawa vyumba vilikuwa havina vimeng'enya vingi.

Mtu angedhani havitengenezwi. Elizabeth Neufeld na wenzake walipovitafuta, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walivikuta vimejaa nje ya seli. Vilitengenezwa vyote, tena vizima, vikatumwa mahali pasipo pao.

Ukituma mzigo kwa basi kutoka River Road bila kuuandika jina la mpokeaji, mzigo hauharibiki. Utashuka tu mahali ambapo hakuna anayeujua. Kilichokosekana kwa watoto wale ni fosfati moja ndogo kwenye manosi. Katika seli yenye afya, Golgi hupachika fosfati hiyo kwenye minyororo ya vimeng'enya vya lisosomu peke yake, na vipokezi huvishika na kuvipeleka kunakohusika. Kimeng'enya cha kupachika fosfati kikiwa kibovu, kila kitu kingine kikiwa sawa, mtoto hupata ugonjwa unaowaua wengi wao utotoni.

Niliacha kusoma siku hiyo. Kosa dogo mno kwa madhara makubwa namna ile.

## Sukari inayojibandika

Kuna sukari nyingine inayoshika proteini, na shangazi anaijua kwa jina la kipimo chake: kile cha miezi mitatu.

Hii haihitaji kimeng'enya chochote. Glukosi ikielea kwenye damu muda mrefu hujibandika yenyewe kwenye himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu. Samuel Rahbar aliigundua himoglobini hii isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa kisukari huko Tehran, mwaka 1968. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, kwa hiyo kiasi cha glukosi kilichobandika hueleza jinsi sukari ilivyokuwa kwa wiki nyingi zilizopita. Haielekezi proteini popote. Haipimi chochote kwa niaba ya seli. Ni kutu.

Sasa, miezi kadhaa baada ya shangazi kuanza sindano ya kuongeza damu, kipimo chake cha miezi mitatu kilishuka. Nyumbani tulifurahi. Binamu yangu akapika pilau. Daktari aliyekitazama hakufurahi kama sisi, akamwambia aendelee kujipima kidoleni kila siku na ategemee namba hizo zaidi.

Sikuelewa mpaka nilipokuwa nimeshasoma yote haya. Sindano ile huamsha uboho, na chembe nyekundu changa humiminika kwenye damu. Chembe changa hazijakaa na glukosi muda wa kutosha kubandikwa. Kwa wagonjwa wa figo, hata zile za zamani huishi siku chache kuliko kawaida. Kipimo hushuka kwa sababu damu ni mpya, hata kama sukari yenyewe haijashuka sana.

Sukari zilizopangwa kwa uangalifu ndani ya Golgi ya hamsta, zikiwa juu ya homoni, zilikuwa zimeificha kutu ya sukari iliyo juu ya himoglobini. Mwilini mwa mtu mmoja.

Hapo ndipo nilipouona uzito wa swali lake la kwanza, lile nililolijibu kwa hesabu ya kijiko. Hofu yake ilikuwa na msingi kuliko nilivyodhani. Sukari ile haimdhuru, lakini inagusa namna tunavyousoma ugonjwa wake, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kupikiwa pilau.

## Kisichoandikwa

Linalonisumbua sasa ni hili. Mpangilio wa asidi amino umeandikwa kwenye jeni, herufi kwa herufi. Minyororo ya sukari haijaandikwa popote namna hiyo. Jeni zinaagiza vimeng'enya, na vimeng'enya hufanya kazi kwa jinsi vinavyoikuta proteini: imepita kwa kasi gani, sukari ghafi zipo kiasi gani, seli ina hali gani. Molekuli mbili za eritropoietini kutoka seli moja zinaweza kuwa na minyororo tofauti. Moja ina matawi manne kwenye mnyororo, nyingine matatu. Moja imefunikwa asidi sialiki kila ncha, nyingine imeachwa na galaktosi wazi, na ini litaichukua mapema.

Kila sindano, basi, ni mchanganyiko.

Kiwandani, amonia ikizidi kwenye tangi, asidi sialiki hupungua. Joto likibadilika, au seli zikizeeka, minyororo hubadilika. Ndiyo maana dawa hizi hazinakiliwi kama vidonge vya paracetamol, ambavyo molekuli yake ni ile ile popote inapotengenezwa. Nakala zake huitwa dawa zinazofanana, na Ulaya iliidhinisha nakala za kwanza za eritropoietini mwaka 2007 baada ya kudai ushahidi wa kulinganisha, ukiwemo wa sukari. Anayedungwa dawa ya aina hii afadhali aandike kwenye daftari lake jina la dawa lililo kwenye paketi na namba ya bechi, si "sindano ya damu" tu, kwa sababu likitokea tatizo, jina la jumla halitamsaidia daktari kujua ilitoka tangi gani.

Tangu korona, Nairobi imejaa mazungumzo ya kutengeneza dawa zetu wenyewe. Ninayaunga mkono kwa moyo wote. Nimekaa kwenye benchi za kusubiri kusafishwa damu na nimeona watu wakiruka sindano mwezi ambao pesa hazikutosha. Lakini kwenye mijadala hiyo nasikia majengo, mitambo na fedha. Nasubiri kusikia mtu akiuliza ni seli gani zitakazofugwa, nani amefunzwa kuzilinda amonia isizidi, na ni maabara gani hapa nchini itakayopima ncha ya kila mnyororo kabla bechi haijatoka mlangoni.